Bolti ya Kumi

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Arusha, na jambo hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Jumamosi moja, siku moja kabla ya safari ya kwenda Moshi kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji yangu, gari letu dogo lilianza kunuka oili inayoungua, nami nikalipeleka Unga Limited kwa fundi wangu wa siku zote. Aliinama, akapitisha kidole pembeni mwa kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, kikatoka cheusi. Bolti mbili za kava hiyo zilikuwa zimelika vichwa kiasi kwamba spana haikuzishika tena, hivyo akazing'oa kwa koleo.

"Mwalimu, niletee bolti mbili za kumi, fupi."

Mtu mwenye akili timamu angechukua bolti kuukuu kama sampuli. Mimi niliona kwamba kipimo kilichotajwa kwa namba hakihitaji sampuli, nikaenda zangu dukani na kutamka kwa sauti ya darasani, "Mangi, naomba bolti mbili za kipenyo cha milimita 10." Akaniuliza ni za nini. Nikamjibu kwamba ni za kumi.

Fundi alipozipokea hakusema neno. Aliiweka moja juu ya tundu lililokuwa likiisubiri, nayo ikakaa pale kama mzee aliyekalia kigoda cha mtoto wa chekechea. Wasaidizi wake ndio waliocheka. Ndipo nilipofahamishwa kwamba gereji haiiti bolti kwa unene wa mwili wake bali kwa spana inayokishika kichwa chake: bolti ya kumi ni ile inayofunguliwa kwa spana namba 10, na mwili wake ni milimita 6 tu, ya kumi na mbili, katika magari mengi ya Kijapani, ina mwili wa milimita 8.

Mangi hakukubali kuzirudisha zile nene, ila alinionyesha aina mbili za milimita 6. Moja ilikuwa imefifia rangi, ina 8.8 kichwani, alama ya uimara wa chuma chake. Nyingine ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, inang'aa kama kijiko cha harusini, tena ndefu kuliko mwenzake kwa bei ambayo haikunitisha. Nilichukua inayong'aa, na ule urefu nikauhesabu kuwa nyongeza.

Niliporudi, fundi alikuwa kwa mama lishe. Kwa kuwa kufunga bolti si upasuaji wa moyo, nilishika spana mwenyewe. Hedi ya injini ile, yaani sehemu ambayo kava hufungwa juu yake, ni ya aluminiamu, metali laini, na matundu yake hayakutoboka hadi upande wa pili. Bolti ikiwa ndefu mno hugonga mwisho wa tundu kabla kichwa hakijaikandamiza kava, na mkono hudhani kazi imekwisha. Mkono wangu ulidhani hivyo, lakini kava iliendelea kucheza. Nikaokota kipande cha bomba cha sentimita 60 na kukichomeka kwenye mpini. Bolti kama ile kwenye aluminiamu huridhika na takriban nyutoni-mita 10, yaani pakiti ya sukari ya kilo moja iliyoning'inizwa kwenye ncha ya fimbo ya mita moja, na mkono uliozoea kunyanyua ndoo ya lita 20, ukipewa bomba lile, unaweza kutoa zaidi ya 100. Hesabu za aina hiyo nilikuwa nimewafanyisha Kidato cha Pili siku ya Jumatano.

Bolti ilikaza, ikakaza tena, kisha ghafla ikawa laini, kama kisu kilichokwisha kupita ganda la papai. Nilipoichomoa ilikuja na uzi wa tundu, ile mifuo inayoishika bolti, ukiwa umejiviringisha mwilini mwake: springi ndogo ya rangi ya fedha, safi kabisa, ambayo kwenye gari la mtu mwingine ningeiita nzuri.

"Mwalimu, umeua uzi," alisema fundi nyuma yangu, njiti ya meno ingali mdomoni.

Nikaanza kumweleza kwamba aluminiamu ikipata joto hupanuka karibu mara mbili ya chuma, na kwamba huenda hiyo ndiyo sababu. Akaniuliza injini ilizimwa saa ngapi. Ilikuwa imezimwa tangu saa tatu asubuhi, na sasa ilikuwa saa nane.

Alilitoboa tundu upya baada ya kuziba pande zote kwa kitambaa chenye grisi ili vumbi la metali lisiingie ndani, akapiga uzi mpana zaidi, akapachika humo koili ya chuma iwe uzi mpya wa bolti. Kisha akatumbukiza njiti ya kiberiti kwenye tundu, akaiwekea alama kwa ukucha, akasema bolti lazima iume aluminiamu walau mara mbili ya unene wake, milimita 12, bila kugusa chini. Zile zinazong'aa alizikataa: maji yakiingia kati yake na aluminiamu, inayoliwa ni aluminiamu. Akamtuma kijana, ambaye alikwenda na sampuli na kurudi baada ya dakika tano na zile za 8.8. Fundi alizikaza kwa zamu, kidogo kidogo, ameishika spana karibu na kichwa kwa vidole vitatu. Bomba langu lilikuwa limeondolewa na mtu.

Kesho yake tulipita Boma Ng'ombe bila harufu yoyote. Mke wangu alifungua kiboksi cha dashibodi akitafuta leso, akatoa bolti mbili nene.

"Baba, hizi ni za nini?"

"Spea," nikamjibu.

Akazipima uzito kiganjani, akageuka kunitazama. "Za gari gani?"