Mgeni Rasmi Ndiye Tunayemdai

Kila ikifika wiki ya mwisho ya Aprili, Mei Mosi ikibisha hodi, kundi letu la WhatsApp la kazini linageuka duka la nguo. Nani kapata fulana, nani kakosa, mbona za mwaka huu nyepesi hivi, kofia zimeletwa chache, za ziada kapewa nani. Safari hii mwalimu mmoja, mtu mzima, anafundisha Fizikia, aliandika aya tatu kuhusu ukosi. Aya tatu! Mtu huyohuyo anadai malimbikizo ya kupandishwa daraja tangu mwanawe wa mwisho hajaanza shule, na kuhusu hilo sijawahi kumwona akiandika hata mstari.

Mshahara wa laki saba ukikatwa asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi ni Sh14,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh168,000. Hata anayekataa kujaza TUF.6, fomu ya kukubali makato hayo, anaweza kukuta anakatwa, maana sheria inaruhusu ada ya uwakala: hujajiunga, lakini unawakilishwa, kwa hiyo lipa. Basi hiyo fulana, ambayo kufika Juni itakuwa inalimia mahindi, ndiyo nguo ya bei mbaya kuliko zote kabatini mwako. Ikipauka usishangae, shangaa ilivyokugharimu.

Lakini fulana ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni ile siku.

Mnaijua, mmeshasimama juani. Tunapangwa kwa idara na makampuni, kila kundi na bango lake, bendi ya matarumbeta mbele. Nyuma yanakuja malori ya waajiri yamepambwa maputo na vitambaa, wanaonyesha bidhaa zao kana kwamba ni Sabasaba. Mabango yanakaguliwa kabla, asije mtu akaandika jambo la kuudhi. Tukifika mbele ya jukwaa kuu tunapunga mikono. Aliyekaa jukwaani, chini ya turubai, na maji ya chupa mezani, ni mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kitaifa ni Rais. Yaani mwajiri. Mfanyakazi ndiye mwenye siku, lakini ndiye anayepita kukaguliwa, na anayemkagua ni yule anayedaiwa.

Halafu inasomwa risala. Jamani, ile risala! Inaanza na shukrani, inaendelea na pongezi, inapita kwenye miradi ya maendeleo ambayo mgeni rasmi anaijua kuliko msomaji, na ikishachosha kila mtu ndipo zinatajwa "changamoto chache". Chache. Nyumba za walimu, fedha za likizo, uhamisho usiolipwa, madaraja, vyote vimebanwa kwenye aya moja yenye "tunaomba" saba. Hakuna "tunadai". Hakuna "tulikubaliana Machi, imefika Mei, kulikoni?" Hakuna tarehe ya kupewa jibu. Mgeni rasmi anapokea karatasi, anampa msaidizi, anasema ameyachukua. Anayapeleka wapi? Mfanyakazi hodari anapewa cheti na hundi, tunashikana mikono tunaimba wimbo wa mshikamano, tunatawanyika kutafuta soda.

Ni sawasawa na kumdai mtu, kisha ukamchangia sherehe, ukashona sare, ukampigia vigelegele, halafu mwisho wa shughuli ukamkabidhi barua ya kumwomba akulipe akijaliwa.

Matokeo yake mshahara umekuwa zawadi. Mnakumbuka 2022 Dodoma, Rais Samia aliposema jambo letu lipo? Nchi nzima ilirindima. Majuma mawili baadaye ikatangazwa nyongeza ya asilimia 23.3, watu wakaanza kupiga hesabu kwenye simu, wengine wakakopa kabisa. Julai hati za mshahara zikatoka: asilimia 23.3 ilikuwa ya kima cha chini. Waliokuwa juu ya hapo walipata kiasi cha kununulia mafuta ya kupikia, na wengi waliona aibu hata kukitaja nyumbani. Watu walilalamika kwamba wamedanganywa. Hapana, hakuna aliyedanganywa. Zawadi huulizi ukubwa wake, na sisi tulishakubali iitwe zawadi siku tuliposimama uwanjani kusubiri itangazwe.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba ile nyongeza ya Singida ya 2025, kima cha chini kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, ni hela. Anayeanza kazi ameiona na siwezi kumwambia asiifurahie. Ila ilitangazwa miezi michache kabla ya Uchaguzi Mkuu, na mimi nimefundisha Uraia miaka mingi mno kuamini kwamba hayo mawili yalikutana njiani kwa bahati.

Wenye kumbukumbu warudi Mei 2010. TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, walitaka kima cha chini cha Sh315,000 na walikuwa wametangaza mgomo. Rais Kikwete akawaita wazee wa Dar es Salaam, akasema mbele yao kwamba Serikali haina hela hizo, hata wafanyakazi wagome miaka minane, na kama shida ni kura zao, yuko tayari kuzikosa. Mgomo ukafutwa. Sasa angalia: kima cha chini kilivuka ile Sh315,000 mwaka 2022, kilipotoka Sh300,000. Miaka 12! Mzee alituonea huruma kusema minane. Na shilingi ya 2022 si shilingi ya 2010, muulize yeyote anayenunua mchele.

Nawajua watakaosema Mtanzania ni mpole, migomo si asili yetu. Asili ya nani? Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma Septemba 1947, wakafuatiwa na wa reli, moto ukapanda na njia ya treni hadi bara, na ujira ukaongezwa. Hawakuwa na sare wala mgeni rasmi. Wakata mkonge wa Mazinde waligoma wakati wa mkoloni. Rashidi Kawawa, tunayemkumbuka kwa uwaziri mkuu, alitokea kwenye vyama vya wafanyakazi: TFL, shirikisho la vyama la enzi hizo, iliundwa 1955 naye akiwa katibu mkuu wake. Hata baada ya uhuru, Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokataza viongozi kuwa na majivuno na dharau, wafanyakazi waliusoma wakauchukulia kama ulivyoandikwa, wakaanza kuwafungia mameneja nje ya mageti. Pale Mount Carmel, kiwanda cha mpira, 1973 walikwenda mbali zaidi: walikichukua kiwanda wakakiendesha wenyewe.

Upole wetu una tarehe ya kuzaliwa, nayo ni 1964. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari, viongozi wengi wa vyama waliwekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, kwa sheria ya Bunge. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na alikuwa ni huyohuyo Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza. Mfanyakazi akitaka kulalamika kuhusu Serikali anakwenda kwa waziri wa Serikali, anamkuta amevaa kofia ya chama. Baadaye zikaja JUWATA, OTTU, TFTU, na tangu 2001 TUCTA. Majina yamebadilika na sheria zimelegezwa, lakini mazoea ya kuinama hayakufutwa na sheria yoyote.

Tena kuna hela inayoyalinda. Makato yanatoka kabla mshahara haujakufikia. Kiongozi wa chama hahitaji kuja shuleni kwetu kutushawishi. Hela yake anaipata tukimpenda au tukimchukia. Angekuwa anapita ofisi kwa ofisi kukusanya mchango mkononi, nadhani angeulizwa maswali mengi tu, na lile la ukosi lingekuwa la mwisho.

Woga nao siubezi. Mgomo wa walimu wa 2012 ulikufa mahakamani ndani ya siku chache. Mwaka huohuo, katikati ya mgomo wa madaktari, Dk. Ulimboka, kiongozi wao, alitekwa, akateswa, akaokotwa msitu wa Mabwepande. Anayemwambia mwenzake "acha woga" baada ya hapo awe na adabu kidogo. Na mgonjwa asiye na daktari si hoja ya propaganda, ni mtu.

Sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu mgomo, ila baada ya usuluhishi wa siku 30, kura ya wanachama na notisi ya saa 48. Ndefu, sawa. Lakini tujiulize mara ya mwisho tulipigishwa kura lini.

Mgomo wenyewe si lazima. Kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, kinatosha kuwa ushahidi. Kanuni za 2018 zilipotaka kushusha mkupuo wa waliokuwa mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF kutoka asilimia 50 hadi 25, hakuna aliyesubiri Mei. Watu walipiga kelele vituoni, mitandaoni, misibani, kila mstaafu mtarajiwa na kalamu yake. Desemba 28 Rais Magufuli akawaita viongozi wa vyama Ikulu akaisimamisha. Ikarudi 2022 kwa asilimia 33, kelele zikarudi nazo, na bajeti ya 2024/25 ikawapandisha hadi 40. Haijafika 50. Lakini hatua zote mbili zilipatikana kwa kusumbua, na vyama navyo, haya, vilisumbua.

Na Kariakoo je? Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kwa sababu ya TRA, mamlaka ya kodi, na wiki hiyohiyo Waziri Mkuu Majaliwa alikuwa Mnazi Mmoja anawasikiliza mmoja mmoja hadharani. Wao walisema, yeye akaandika. Sisi wenye vyama, katiba na ofisi za ghorofa tunapiga makofi.

Dada wa kazi wala simtaji kwenye maandamano. Siku hiyo yuko nyumbani anapiga pasi fulana ya bosi wake. Amri ya mishahara ya 2022 ilimwekea Sh60,000 kwa mwezi akiwa anaishi kwa mwajiri, na hata hiyo wangapi kati yetu tunamlipa?

Sheria hiyohiyo ya 2004 inampa mwanachama haki ya kuona hesabu za chama zilizokaguliwa. Nimekwenda kuziomba. Nikaambiwa niandike barua, nimeandika: mapato ya makato, posho za vikao, gharama za Mei Mosi, kila kimoja kivyake. Nakala imezunguka ofisi ya walimu na kadhaa wamesaini. Yule wa Fizikia ameisoma yote, amesahihisha hata nukta, akasema atasaini akishapandishwa daraja.