Mafuta kwenye ini: bakteria wa tumboni, sahani zetu na sumukuvu

Siku hizi si ajabu kumsikia mtumishi wa ofisi za serikali hapa Dodoma, au mfanyabiashara wa Majengo, akisema alikwenda kupiga altrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo, akatoka na jibu ambalo hakulitarajia: ini lina mafuta. Hanywi pombe na hajisikii kuumwa. Anarudi nyumbani na karatasi yake, na kabla wiki haijaisha ameshapewa ushauri wa kila aina na ndugu, majirani na wauza dawa.

Ukiuchuja ushauri huo, unaegemea pande mbili. Upande wa kwanza unasema bakteria wa tumboni wamevurugika, kwa hiyo tafuta kitu cha kuwarekebisha: vidonge vya bakteria wazuri, maziwa ya aina fulani, au kinywaji cha "kusafisha ini". Upande wa pili unaona habari za bakteria ni mambo ya maabara tu. Umekula kuliko unavyotumia, umekunywa soda, hutembei, mafuta yamejaa. Punguza uzito, basi. Pande zote mbili zina ushahidi. Mimi naamini bakteria wanahusika kwelikweli, lakini njia ya kuwafikia inapita kwenye sahani. Na sahani ya Kanda ya Kati ina tatizo lake ambalo vitabu vya lishe vya Ulaya havina haja ya kuligusa.

Tuanze na bakteria. Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Karibu robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ini inatokea huko. Chochote kinachopenya ukuta wa utumbo, ini ndilo la kwanza kukipokea. Bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana wakiletewa nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya nafaka, mboga na kunde ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuimeng'enya, huichachusha na kutoa asidi ndogondogo. Mojawapo, iitwayo butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Wakikosa nyuzinyuzi, baadhi yao hugeukia ute unaoufunika ukuta na kuula. Ute ukipungua, vipande vya magamba ya bakteria hupenya na kuingia kwenye damu inayokwenda kwenye ini, na askari wa kinga walioko humo huamka. Ini lenye mafuta peke yake linaweza kukaa hivyo miaka mingi bila madhara makubwa. Mafuta yakiambatana na uvimbe wa seli, hapo ndipo makovu huanza, na makovu ndiyo yanayoweza kulifikisha ini kwenye kusinyaa au saratani.

Kuna ushahidi mwingine unaovutia zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa St. Louis, Marekani, walichukua bakteria wa panya wanene wakawapandikiza kwenye panya wasio na bakteria kabisa. Panya hao walinenepa kuliko wenzao waliopewa bakteria wa panya wembamba. Mwaka 2019 wachunguzi wa China walieleza kisa cha mtu ambaye bakteria wake wa tumboni walikuwa wanatengeneza pombe kutokana na wanga aliokula, na ini lake lilikuwa limeharibika vibaya. Walipowachunguza wagonjwa wengine wenye mafuta kwenye ini, karibu asilimia 60 walikutwa na bakteria wa aina hiyo wenye uwezo mkubwa wa kutengeneza pombe. Mtu anaweza asiguse hata glasi moja ya mvinyo wa zabibu zetu za Dodoma, na bado ini lake likapokea kilevi kidogo kidogo kutoka ndani ya mwili wake. Ushahidi wa namna hii siwezi kuuita mbwembwe.

Hata hivyo panya si binadamu. Jaribio lililofanyika Canada na kuchapishwa mwaka 2020 lilifuata wazo hilohilo hadi kwa wagonjwa wenyewe: wenye mafuta kwenye ini walipandikizwa bakteria kutoka kwenye kinyesi cha watu wenye afya. Ukuta wa utumbo ulionyesha kuimarika kwa wale uliokuwa unavuja, lakini mafuta kwenye ini hayakupungua. Ukibadilisha bakteria bila kugusa chakula, unaweza kuwa umewapa wageni nyumba ileile yenye njaa ileile.

Upande wa pili nao una takwimu ngumu. Mtu akipunguza asilimia 5 ya uzito wake, mafuta ya ini hupungua. Akifika asilimia 7 hadi 10, uvimbe wa seli hutulia. Akifika 10 au zaidi, hata makovu yanaweza kuanza kurudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 90, hatua ya mwanzo ni kilo nne na nusu tu. Uzito si hadithi yote, maana wapo watu wembamba wenye mafuta kwenye ini, na urithi una sehemu yake, lakini hakuna kidonge cha bakteria kinachosogelea matokeo hayo. Kuhusu sukari, watafiti wa Zurich mwaka 2021 waliwapa wanaume wenye afya vinywaji vyenye gramu 80 za sukari kwa siku, kwa wiki saba. Waliokunywa sukari ya kawaida au fruktosi, yaani sukari ya matunda, ini lao lilifikia kutengeneza mafuta karibu mara mbili ya wasiopewa. Soda nyingi za kola zina gramu 10 hivi za sukari kwa kila mililita 100. Chupa mbili za mililita 350 zinakukaribisha kwenye kiwango hicho, na mtu anayekula chipsi zege mchana pale stendi, akashushia na soda, kisha jioni akanywa nyingine, hajafanya kitu ambacho mwenzake atakishangaa. Juisi ya ubuyu nayo, kama mpikaji amemimina sukari bila kupima, haikwepi hesabu hii, hata kama unga wa ubuyu wenyewe una nyuzinyuzi nyingi.

Kwa hiyo mtu aliyeambiwa ana mafuta kwenye ini aanze na soda, kitambi na kutembea. Hapo nakubaliana kabisa na upande wa pili.

Nisichokubali ni kusema mazungumzo yaishie hapo, kana kwamba chakula ni kalori tu. Mwaka 2023 jaribio la China liliwapa watu 200 wenye mafuta kwenye ini wanga wa kila siku kwa miezi minne. Nusu yao walipata gramu 40 za wanga sugu, ule unaopita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa na kuwafikia bakteria, na nusu wanga wa kawaida. Waliopata wanga sugu mafuta ya ini yalishuka kwa wastani wa pointi 9 za asilimia kuliko wenzao, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilibaki hata baada ya kuondoa mchango wa kupungua uzito. Ule ulikuwa wanga wa mahindi ya aina maalumu, si wa mahindi ya soko letu la Kibaigwa. Lakini wanga sugu haupatikani maabara peke yake: upo kwenye maharage, kwenye kunde, na kidogo kwenye ugali au viazi vilivyopikwa vikapoa. Kiporo cha asubuhi hakistahili aibu tunayokipa.

Tuna ushahidi wa karibu zaidi na nyumbani. Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi walichunguzwa bakteria wao, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Walikuwa na aina nyingi za bakteria kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao, na watu wazima hawakuonekana na Bifidobacterium, bakteria anayesifiwa kwenye vidonge na maziwa ya dukani. Kama watu wanaokula mizizi, matunda ya porini, asali na nyama wanaishi vizuri bila bakteria huyo, sioni sababu ya mama wa Chang'ombe kutoa fedha ya mboga ya wiki akamnunue kwenye kopo. Ni kweli pia kwamba Wahadzabe wanatembea sana na hawali kupita kiasi, hivyo huwezi kuwapa bakteria sifa zote. Lakini mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro uliowahusisha vijana wa kiume 77. Wa kijijini walipohamia chakula cha mjini kwa wiki mbili tu, dalili za uvimbe kwenye damu zilipanda. Wa mjini walipokula chakula cha asili, zilishuka. Utafiti ule ulihusu kinga ya mwili, si ini, lakini wiki mbili ni muda mfupi mno kwa mabadiliko ya namna hiyo kupuuzwa.

Ugali wa mtama au uwele, mlenda, mchicha, kunde, togwa: hivyo ndivyo vyakula ambavyo Wagogo na majirani zao walikuwa wanavila kabla sembe haijawa alama ya maisha mazuri. Nenda kwenye mashine yoyote ya nafaka mtaani utaona kinachotokea. Mama analeta ndoo ya mahindi, yanakobolewa kwanza, pumba zinaingia kwenye gunia kwa ajili ya kuku na nguruwe, kisha sehemu nyeupe ya ndani ndiyo inayosagwa. Zile pumba ndizo nyuzinyuzi. Tunawapa mifugo chakula cha bakteria wetu.

Ningependa kumalizia kwa kusema rudini kwenye dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, lakini siwezi, na hapa ndipo wengi wanaoshangilia chakula cha asili wanaponiudhi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wa sumukuvu kwenye mahindi: watu 68 waliugua, 20 wakafariki. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu, hulishambulia ini moja kwa moja, na kwa miaka mingi huchangia saratani yake, hasa kwa mwenye homa ya ini B. Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda la nje na kwenye ile sehemu ya punje inayoota. Kukoboa kunakotunyang'anya nyuzinyuzi ndiko kunakopunguza sumu hiyo. Ukimwambia mtu ale dona bila kuuliza mahindi yalikaushwa wapi, unaweza kuwa umeliondolea ini lake mafuta ukalitia sumu.

Jibu langu, basi, ni dona ya mahindi unayoyajua: yaliyokaushwa juu ya turubai badala ya kwenye udongo, yakahifadhiwa makavu, yakachambuliwa kwa mkono kabla ya kusagwa, punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu zikatupwa kabisa, wala zisiende kwa kuku. Karanga vivyo hivyo. Yenye kubadilika rangi au yenye ladha chungu isitwangwe kwenye mboga. Kama huna uhakika na mahindi, mtama na uwele mara nyingi hupata sumukuvu kidogo kuliko mahindi, ingawa navyo havina kinga kamili. Mwenye karatasi ya altrasaundi mkononi apime pia sukari na homa ya ini B, kwa sababu chanjo ya homa hiyo kwa watoto ilianza nchini mwaka 2002 na wengi wetu tulizaliwa kabla. Vinywaji vya kusafisha ini aviache dukani. Baadhi ya mitishamba yenyewe huumiza ini.

Lakini tusimtwishe mlaji peke yake. Mkulima wa Kongwa anayechambua mahindi yake anatoa kwenye gunia kilo ambazo angeziuza, na mnunuzi anayeangalia uzito tu hamlipi chochote kwa kazi hiyo. Kantini za ofisi za Mtumba, kwenye mji wa Serikali, zinalisha maelfu kila mchana na zinanunua unga kwa wingi. Zikitaka dona safi, iliyopimwa sumukuvu, na kulipa bei yake, mkulima huyo atakuwa na sababu ya kuchambua.