Ngazi ya Hofu Ipandwe Kituoni

Mtoto mwenye usonji akigoma kupanda basi la mwendokasi, mjini kwetu majibu ya haraka ni mawili: kadekezwa, au apelekwe kuombewa. La tatu husikika mara chache: anaogopa, na hofu hiyo inatibika. Takriban watoto wanne katika kila kumi wenye usonji wana wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa, kwa hiyo jambo hili limo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni tiba ya fikra na tabia. Mtoto hufundishwa kuzitambua dalili za hofu mwilini, kuipima fikra inayomtisha, kisha kukisogelea kidogo kidogo kile anachokiogopa. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha watoto 167 wenye usonji, wa miaka 7 hadi 13. Tiba iliyorekebishwa kwa ajili yao iliizidi ile ya kawaida, na zote mbili ziliwasaidia watoto wengi zaidi kuliko huduma za kawaida zinazopatikana katika jamii. Kwa hiyo marekebisho hayo ndiyo ya kudai.

Kwanza ni kipimo. Ukimuuliza “unajisikiaje?” atakujibu “sawa”, huku viganja vimelowa jasho. Wengi hawazijui hisia zao kwa majina. Mpe kipimo kinachotokana na anachokipenda. Anayependa treni ya SGR achorewe stesheni sita: Dar es Salaam ni utulivu, halafu Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, na Morogoro ndiko hofu inakofika kileleni. Kila stesheni iandikiwe dalili yake: Soga tumbo linavuruga, Ruvu moyo unakimbia, Ngerengere anaziba masikio. Mtoto asiyeweza kusema “naogopa” ataweka kidole juu ya Ruvu.

Ndipo ngazi ijengwe, yaani hatua ndogo ndogo za kukisogelea anachokiogopa, naye mwenyewe akichangia kuipanga. Atazame video ya basi kwenye simu, sauti ikiwa chini. Asimame ng’ambo ya barabara dakika tano. Aingie kituoni saa nne asubuhi, watu wakiwa wamepungua. Apande kituo kimoja tu, tuseme Usalama hadi Magomeni Mapipa, kisha viwili, kisha safari nzima. Saa moja asubuhi, abiria wakisukumana mlangoni, iwe hatua ya mwisho kabisa. Kila hatua irudiwe siku kadhaa mpaka kidole kisizidi Pugu. Zawadi itolewe palepale, hata kama ni pakiti ya ubuyu. Ukiahidi ya Jumamosi haitafanya kazi.

Mambo huharibika zaidi pale mzazi anapomtoa mtoto hofu ikiwa Morogoro, kwa huruma. Mtoto hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na kesho hofu inarudi na nguvu zaidi. Hatua ikiwa kubwa mno, igawe: rudini nyuma mita ishirini, msubiri hofu ishuke stesheni mbili, ndipo muondoke. Kosa jingine ni kumbeba kwa nguvu hadi ndani ya basi ili “azoee”. Huko si kutibu, maana hajachagua chochote na hajui kitaisha lini. La tatu ni maneno mengi. Sentensi moja fupi na picha ya hatua inayofuata vinatosha.

Kabla ya yote hayo, tofautisha hofu na maumivu. Kama honi inamuumiza masikio kwelikweli, mvalishe vizuia sauti. Hakuna ngazi inayoondoa maumivu. Mkague meno, masikio na choo kigumu. Uliza pia habari za shule. Mtoto anayeogopa darasa kwa sababu anachapwa au anachekwa, hofu yake ni sahihi, na wa kubadilika ni watu wazima. Vilevile, kupunga mikono au kuyumba si shabaha ya tiba hii. Mara nyingi ndivyo anavyojituliza, basi aachwe apunge mikono yake akiwa ndani ya basi.

Tiba hii hufanyika mara moja kwa wiki, saa moja hadi saa moja na nusu, kwa wiki 12 hadi 16. Tafiti nyingi ni za watoto wanaozungumza. Kwa asiyezungumza, ngazi ya picha inaweza kujaribiwa, ila sehemu ya kujadili fikra haitamfaa.

Kilicho kigumu zaidi kukipata ni mtaalamu anayetoka ofisini. Mtoto mwenye usonji anaweza kutulia vizuri kabisa mbele ya meza yenye feni, na utulivu huo usifike barabarani, kwa sababu alichojifunza mahali pamoja hakihamii kirahisi mahali pengine. Kwa hiyo mzazi afundishwe kila hatua na aifanye na mwanawe katikati ya wiki. Kabla hujalipia miadi ya kwanza, uliza mambo mawili: mimi nitafundishwa nini, na ni wiki ya ngapi tutakwenda wote kituoni?