Mashabiki wapewe la kuitikia, wasiachwe watazame tu

Kwenye mechi za shule hapa Nairobi utakuta kikosi cha kushangilia kimependeza, sare zinang'aa, hatua hazikosei, na nyuma yake wanafunzi wamekunja mikono wakitazama. Kwa maoni yangu kikosi hicho kimefeli. Kilichokipeleka uwanjani ni kuwafanya wenzao wapaze sauti.

Kosa huanzia kwenye wimbo. Beti nne zenye vina ni za tamasha la muziki. Uwanjani shabiki anahitaji kitu anachokidaka akikisikia mara moja, na kiitikio kisizidi silabi nne. Kiongozi anauliza, "Mpira wa nani?" Umati unajibu, "Wetu!" Mara nne, basi, mnyamaze hadi kitokee kitu kingine. Ukirudia mara kumi, za mwisho wataitikia kidato cha kwanza peke yao, tena kwa kuwaogopa viranja. Vitatu au vinne vya namna hiyo vinatosha, na vifundishwe kwenye paredi kabla ya siku ya mechi.

Linalopuuzwa zaidi ni umbali. Viwanja vingi vya shule havina majukwaa, kwa hiyo mashabiki hutawanyika kando ya mstari wote, karibu mita 100. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ngoma ikiwa mwisho huu, walio mwisho ule huisikia karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Kwa mdundo wa mapigo 120 kwa dakika, hapo wameachwa nyuma zaidi ya nusu pigo. Wimbo unaburuta, unakufa, na walimu wanasema wanafunzi wa siku hizi hawana moyo. Wakusanyeni pamoja, upana wa mita 30 hivi, safu tano au sita, ngoma katikati.

Isukuti, ngoma za Waluhya, inachangamsha, lakini ngoma zake tatu zikipigwa bila kupumzika, maneno humezwa. Wapigaji wanyamaze umati unapojibu. Vuvuzela mimi ningeziacha getini: aliye nayo mdomoni hawezi kuitikia.

Kiongozi awape wachezaji mgongo, atazame mashabiki. Kwa kuwa hataona mchezo, mwenzake asimame kando yake akiangalia uwanja na kumgusa bega: mara moja ni kona yetu, mara mbili lango letu liko hatarini. Bila huyo, mtaimba "Wetu!" wakati mpira uko wavuni mwenu.

Kila mchezo una nafasi zake. Kwenye voliboli, refa akishapuliza filimbi mpigaji ana sekunde 8 za kuanzisha mpira, hivyo shangwe ziingie kati ya pointi moja na nyingine. Raga ya wachezaji saba ina vipindi vya dakika 7 na mapumziko ya dakika 2. Wimbo mrefu hauna mahali. Tena raga ina adabu yake: mpinzani akilenga milingoti, kimya. Kandanda ni ndefu, kwa hiyo badilisheni viongozi kila robo saa, la sivyo koo zitakauka kabla ya kipindi cha pili.

Mtihani wenyewe ni mkifungwa mabao mawili, mashabiki wakianza kuelekea kwa muuza smokie, soseji za barabarani. Wekeni wimbo mmoja wa polepole wa saa hiyo tu, msiutumie mkiongoza. Uanzwe na watu ishirini wa katikati, bila ngoma mizunguko miwili ya kwanza, kisha ngoma iingie. Wengine watarudi, smokie mkononi.