Sheria ya Mututho: tunabishania saa ya kufungua, tumesahau saa ya kufunga

Sera ya taifa ya pombe na mihadarati iliyozinduliwa Nairobi Julai 2025 ilizua kelele kuhusu mambo mawili: kupandisha umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21, na kuondoa pombe kwenye rafu za supamaketi na mauzo ya mtandaoni. Katika kelele zote hizo, sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo, maarufu kama Sheria ya Mututho, ilitajwa kwa dhihaka tu. Siku hizi ukisema "Mututho" watu wanamwona polisi akiingia baa mchana na kutoka mfuko ukiwa mzito. Mimi naona sheria hiyo imeonewa, hata kama haikustahili kutetewa kila kifungu.

Inajulikana: siku za kazi baa hufunguliwa saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku, wikendi na sikukuu huanza saa 8 mchana. Wanaomwona John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha na aliyeileta sheria hiyo bungeni, kama adui wa walevi husahau kwamba sheria hiyohiyo ndiyo iliyofuta marufuku ya chang'aa.

Wanaoipinga wana hoja. Bawabu anayetoka zamu alfajiri hana jioni kama ya karani. Bia yake ya saa 2 asubuhi ndiyo bia ya baada ya kazi, lakini sheria inamhesabu mlevi wa mchana. Mwenye pesa hupata kinywaji hotelini, ambako leseni ni nyingine, huku wa mtaani akinywea nyuma ya mlango uliofungwa. Na mlango uliofungwa una bei yake. Mwenye baa anayeuza kabla ya saa 11 hulipa kitu kidogo, na gharama hiyo humrudia mnywaji.

Hoja hizo zote, ukizitazama vizuri, zinahusu saa ya kufungua. Saa 5 usiku haizungumzwi, na hiyo ndiyo saa yenye ushahidi.

Diadema ni mji wa viwanda pembeni mwa São Paulo, Brazil. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa miongoni mwa miji iliyoongoza nchini humo kwa mauaji, na baa zake nyingi zilikesha. Viongozi walipoainisha mauaji kwa saa na mahali yalipotokea, waliona mengi yanatokea usiku, ndani ya baa au karibu nazo. Julai 2002 wakaamuru kila muuza pombe afunge saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hakuna aliyeongezewa adhabu kwa kunywa, wala bei haikupandishwa. Watafiti waliofuatilia miaka mitatu ya kwanza walikadiria kuwa sheria ilizuia mauaji karibu 9 kila mwezi.

Tisa kwa mwezi, katika mji wa watu wasiofika laki nne. Nimeigeuzageuza takwimu hiyo kwa sababu ni nzuri mno. Mauaji yalikuwa yakipungua jimbo zima la São Paulo miaka hiyo, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza kama Diadema haikubebwa tu na wimbi hilo. Watafiti waliiona hatari hiyo wakajaribu kuondoa mwelekeo uliokuwepo kabla ya kupima. Na hata ukikata makadirio yao nusu, bado unazungumzia makumi ya watu kila mwaka ambao hawakuzikwa kwa sababu ya saa ya kufunga mlango. Newcastle, Australia, ilifanya jambo dogo zaidi mwaka 2008: baa za katikati ya mji zilizokuwa zikifungwa saa 11 alfajiri zikalazimishwa kufunga karibu saa 9 usiku. Mashambulio ya usiku yalipungua kwa takriban theluthi, ilhali mtaa jirani ambao haukubanwa haukupata nafuu hiyo.

Kinachofanana ni usimamizi. Diadema iliwaarifu wauzaji mapema, kisha doria zikapita usiku baada ya usiku. Kwetu doria ina nguvu mchana, wakati mteja ni mzee mmoja na chupa yake, na hulegea usiku wa manane visu vinapotoka. Kama hongo ndiyo lengo, mpangilio huo una mantiki kamili.

Kubana kupita kiasi nako kuna historia. New Zealand ilifunga baa saa 12 jioni kuanzia 1917, na vibarua waliotoka kazini saa 11 walikunywa ya usiku mzima ndani ya saa moja. Wapiga kura waliiondoa amri hiyo 1967. Ndiyo maana nisingelia kama saa ya kufungua ingerudishwa adhuhuri: dirisha la saa sita siku za kazi ni jembamba, na linakusanya watu na hongo pamoja.

Maduka ya wines, yanayouza chupa za kubeba, ni suala jingine. Chupa iliyonunuliwa saa 1 jioni haijui saa 5 imefika. Itanywewa nyumbani au kando ya duka. Lakini ushahidi wa Diadema na Newcastle unahusu umati unaolewa pamoja kisha kumwagika barabarani, na hapo supamaketi ina hatia ndogo. Kuifukuza pombe kwenye rafu huku baa ya jirani ikikesha ni kuanzia upande usiofaa.

Kazi ya kusimamia saa ya kufunga wala si ya serikali kuu Nairobi peke yake. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti utoaji wa leseni za vileo, na ada za leseni ni mapato ya kaunti. Gavana anayetegemea ada hizo hana haraka ya kumfungia mtu baa saa 5 na dakika 10 usiku.