Nilipokwenda Kuileta Bahari kwa Ndoo

Naanza na makubadhi kwa sababu ndiyo hayakurudi. Mimi nilirudi, ndoo ilirudi, kikoi kilirudi kikiwa kimebadilika rangi, lakini makubadhi yangu ya ngozi, niliyoshonewa Lamu na kutumiwa Bristol ndani ya mzigo wa halua na achari, yako chini ya tope la Weston-super-Mare, mji wa pwani ya Uingereza, mpaka leo. Siku moja wachimbuaji wa mambo ya kale watayafukua na kuandika kwamba Waswahili waliwahi kufika Somerset. Hawatakuwa wamekosea.

Ilikuwa wikendi ile ya mwishoni mwa Agosti ambayo Jumatatu yake Waingereza hawaendi kazini. Mke wangu ni muuguzi na zamu ilimwangukia, kwa hiyo tuliondoka watatu: mimi, binti yetu wa miaka 6, na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Kitale, bara kabisa ya Kenya. Shemeji ni mwalimu, na ana ugonjwa wa kusoma kila kilichoandikwa: bango, tiketi, karatasi ya biskuti. Bahari alikuwa ameiona mara mbili maishani, zote mbili kwenye feri ya Likoni, ameshika chuma kwa mikono miwili na macho kayafumba.

Kutoka Bristol treni huchukua kama nusu saa, nami nusu saa yote niliitumia kumpa darasa. Nilimfundisha bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu. Nilimweleza kwamba mwezi ukiwa mpevu maji hujaa sana na kukupwa sana, na kwamba mtu wa Lamu hahitaji saa wala kalenda, anatoka nje usiku anatazama juu, basi. Nikamalizia kwa kauli ambayo shemeji anaikariri mpaka sasa kwenye kila harusi na kila matanga:

"Shemeji, bahari ni moja tu. Aliyeijua ya kwetu ameijua ya dunia."

"Sawa, shemeji," akasema, asiinue macho kwenye simu. Alikuwa anasoma habari za mji tunaokwenda. Reli ilifika pale mwaka 1841, na kwa kuwa wenyeji hawakutaka moshi mjini, miaka ya mwanzo mabehewa yalivutwa na farasi. "Na hili jina," akaendelea, "super Mare ni Kilatini. Maana yake juu ya bahari."

"Naam," nikasema. "Kama Lamu."

Tukashuka, tukatembea, tukafika ufukweni. Bahari haikuwepo.

Msinielewe vibaya. Maji yakikupwa Lamu, majahazi hulala ubavu na watoto hushuka kutafuta kaa, lakini bahari yenyewe unaiona iko pale, imejivuta kidogo kama mtu anayekupisha kwenye benchi. Hii ilikuwa imehama. Kulikuwa na mchanga, halafu mchanga mwingine, halafu uwanja wa kahawia unaong'aa kama sufuria ya ugali iliyorowekwa, na mbali huko, kama kilomita moja na nusu, mstari mwembamba ambao huenda ulikuwa maji na huenda ulikuwa Wales, ng'ambo ya pili. Gati kubwa wanaloliita Grand Pier lilikuwa limesimama kwa miguu yake yote juu ya pakavu, mfano wa jongoo aliyepotea njia.

Shemeji akalisoma gati. Lilifunguliwa 1904, jumba lake likaungua 1930, likajengwa, likaungua tena Julai 2008, likajengwa tena na kufunguliwa 2010.

"Lakini shemeji, kitu kimejengwa baharini kinaunguaje mara mbili?"

Nikamwonyesha mchanga. "Wangechota wapi?"

Hiyo ndiyo hoja pekee niliyomshinda siku ile, naomba iandikwe.

Kabla ya balaa lenyewe kulikuwa na balaa dogo la punda. Pale ufukweni kuna punda wa kupandisha watoto, na wamekuwepo tangu enzi za Malkia Victoria. Wamepangwa mstari, kila mmoja na jina lake limeandikwa kwenye ukanda wa kichwani, wamesafishwa wanang'aa, wanatazama mbele kama askari wa gwaride. Nilihisi machozi. Sisi kwetu punda ndiye lori, ndiye teksi, ndiye mbeba saruji na mchanga na mawe ya matumbawe, na akimaliza analala katikati ya njia, wewe ndiye unayemzunguka. Nikamwambia mwenye punda kwamba nimekulia mgongoni mwa punda, na kwamba kwenye mashindano ya punda ya Maulidi niliwahi kutoka wa 4. (Tulikuwa 5. Hakuniuliza.) Basi na mimi nipande kidogo, kwa ajili ya picha.

Akanipima kwa macho kuanzia juu mpaka chini, macho yakatua tumboni, yakakaa hapo. Akasema kwa upole kwamba punda wake hawabebi mtu anayezidi stone 8.

"Mawe 8?" akauliza shemeji. "Huku watu wanapimwa kwa mawe?"

Ni kama kilo 50. Mara ya mwisho nilikuwa na kilo 50 nilikuwa darasa la saba. Binti yangu akapanda, akaenda, akarudi, na mimi nikatembea kando yake nimeshika kamba, mshindi wa 4 wa Maulidi, nalipia.

Sasa njoo kwenye ndoo. Binti alijenga ngome ya mchanga yenye minara minne, akaizungushia handaki, halafu akasimama na ndoo yake nyekundu akitazama huku na huku.

"Baba, maji ya kutia hapa yako wapi?"

"Yamekupwa, mama. Yatarudi jioni."

"Lakini ulisema unaijua bahari."

Shemeji akakohoa. Kikohozi kile ndicho kilichonipeleka. Ingekuwa kicheko ningevumilia, lakini mtu wa Kitale kukukoholea mbele ya bahari, hata kama haipo, ni jambo jingine. Nikavua koti, nikakaza kikoi, nikachukua ndoo. "Nakwenda kuileta."

Palikuwa na bango. Shemeji alilisoma kwa Kiingereza: hatari, tope linalozamisha, msipite hapa maji yakikupwa, mkipata tatizo pigeni 999 muombe walinzi wa pwani. Kisha akalisoma tena kwa Kiswahili, polepole, kwa faida yangu. Nikamwambia tope nimelikata utotoni tukienda kutafuta kaa kwenye mikoko, na kwamba mabango hayo yamewekwa kwa ajili ya watu wa bara.

Mwanzoni mchanga ulikuwa mgumu, natembea kama bwana harusi. Kisha ukawa laini. Kisha ukaanza kutoa sauti, ile sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto kwa fujo. Hapo ndipo mtoto wa mikoko alipotakiwa kukumbuka kwamba tope la mikoko lina mizizi ya kushika, na hili halina hata kijiti. Lakini niligeuka nyuma nikawaona wawili wale wananitazama, nikawapungia ndoo, nikaongeza hatua tatu za maringo.

Ya tatu haikutoka.

Nilivuta mguu wa kulia, wa kushoto ukazama. Nikavuta wa kushoto, wa kulia ukazama zaidi. Kila nikipiga hesabu tope linanijibu "pwaa" na kupanda inchi moja. Lilipofika magotini nikasikia makubadhi yananiaga, kwanza moja, halafu jingine, taratibu, kama watu wawili wanaoondoka msibani bila kutaka kuonekana. Tope lilikuwa la baridi na laini kama siagi, na limekamata kama saruji. Nikasimama wima, mkono kiunoni, ndoo mkononi, nikijaribu kuonekana kama mtu aliyechagua kusimama pale.

"Shemeji!" Alikuwa amekuja mpaka mwisho wa mchanga mgumu, hatua moja haongezi, na binti kamshika mkono. "Umekwama?"

"Napumzika."

"Nimeshapiga 999."

Wakati tunasubiri, maana simu ilikuwa mkononi, akaona anisaidie kwa kunisomea. Alinisomea kwa sauti ya darasani, watu wote waliokuwa ufukweni na aiskrimu zao wakisikiliza Kiswahili fasaha kikipita juu ya tope. Kwamba ghuba hii, Bristol Channel, ina kupwa na kujaa kunakoshika nafasi ya pili duniani, nyuma ya Bay of Fundy ya Kanada. Kwamba imekaa kama faneli, pana upande wa bahari kuu na nyembamba kadiri inavyoingia ndani, kwa hiyo maji yakiingia hayana pa kwenda ila juu. Kwamba huko ndani tofauti ya maji ya chini na ya juu hufikia mita 14.

"Lamu ni mita ngapi, shemeji?"

Nikanyamaza.

"Shemeji?"

"Tatu na kitu."

"Bamvua?"

"Ndiyo, bamvua."

"Hee." Akasoma kidogo kimoyomoyo. "Hapa wanasema hata wenyewe mji huu huuita kwa utani Weston-super-Mud. Weston juu ya tope."

Jana yake usiku nilikuwa nimeuona mwezi. Mpevu kabisa, mviringo kama sinia. Nilikuwa nimemwonyesha binti dirishani, nikamwambia kesho bamvua. Elimu ninayo. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimekwama ndani yake.

Waokoaji walikuja wanne, mmoja wao mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, wakivuta ubao mpana wa kuteleza juu ya tope. Hawakunigombeza. Afadhali wangenigombeza. Waliniambia nijiegemeze nyuma kama ninayekaa kwenye kochi ili uzito usambae, wakaingiza bomba jembamba kando ya mguu wangu na kusukuma maji ndani ili tope liniachie. Huku mmoja akifanya kazi, mwingine akaniuliza maswali, nadhani ya kunituliza.

"Unatoka wapi?"

"Lamu. Kenya."

"Iko karibu na bahari?"

Nikaona hakuna haja ya kuingia ndani sana. "Karibu karibu."

"Ni kisiwa!" shemeji akapiga kelele kutoka mchangani, kwa Kiingereza cha mitihani ya taifa. "Amezaliwa kisiwani! Babu yake alikuwa nahodha!"

Yule mwanamke akaniangalia, akaangalia ndoo, akasema, "Nzuri sana," kwa namna ambayo ni Mwingereza tu anayeweza.

Kisha ikafika dakika ya kuvutwa. Walinipa kamba, wakasema nishike kwa mikono miwili. Nina mikono miwili, lakini nilikuwa na vitu vitatu: kamba, ndoo ya mtoto, na kikoi ambacho fundo lake lilikuwa limeanza kulegea tangu kwenye magoti. Nilifikiri haraka. Ndoo nikaiuma kwa meno, kikoi nikakibana kwa viwiko, kamba nikaishika. Wakavuta. Tope likasema neno lake la mwisho, mimi nikatoka kama kizibo cha chupa, na kikoi kikabaki.

Hapa lazima nieleze kwamba Agosti ya Waingereza si Agosti. Ilikuwa nyuzi 18. Kwa hiyo chini ya kikoi, nahodha mjukuu wa nahodha alikuwa amevaa suruali ndefu ya ndani ya baridi, nyeupe, ya kubana, ile ambayo mke wangu hunisihi nivae Januari. Nilipitishwa mbele ya umma juu ya ubao, chali, ndoo mdomoni, miguu miwili myeupe inayoishia kwenye soksi mbili za tope. Punda wote saba waligeuza vichwa kunitazama. Sikumbuki Mwingereza hata mmoja aliyecheka. Walipiga makofi, kidogo, kwa adabu, kama kwenye tenisi.

Mmoja wa waokoaji alirudi akakivua kikoi kwenye tope na kunikabidhi kimekunjwa.

Shemeji anasema hakurekodi. Lakini tulipofika nyumba ya wageni, kabla sijamaliza kuoga, mke wangu alikuwa ameshapiga simu kutoka wodini, na nyuma yake nasikia wauguzi wanapokezana simu na vicheko. Baada ya hapo mama, kutoka Lamu, ujumbe wa sauti. Mwanzoni kimya, halafu mtu anayepumua, halafu:

"Mwanangu, yeo wavuliwa topeni na wazungu?" Kimya tena. "Na makubadhi yako wapi? Mbona siyaoni miguuni?"

Saa moja unusu jioni tulirudi kukaa ukutani, mimi nimevaa suruali ya shemeji inayoniishia chini kidogo ya magoti. Na bahari ilikuja. Haikuja kama ya kwetu, kwa kunyemelea. Ilikuja kama watu waliosikia pilau imeiva, rangi ya chai ya maziwa, ikaufunika uwanja wote wa kahawia, ikaimeza ngome na minara yake minne, ikapanda mpaka kwenye ngazi za ukuta tuliokalia na kuanza kuzipiga makofi.

Binti akashuka ngazi mbili, nimemshika blauzi. Akachota. Akarudi juu na ndoo imejaa mpaka ukingoni, akaiweka mbele yangu.

"Baba, hii hapa."

Mimi nilikuwa nakodolea macho kule nilikokwama, ambako sasa kulikuwa na mawimbi na shakwe wawili wanagombania chipsi. Nikamwambia shemeji kwamba ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa vizuri huelea, tusubiri kidogo tuone. Hakunijibu. Ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, kakaza macho, anasoma bango jingine.