Kipima mwanga cha miche ya ndani: luksi au fotoni?

Mtu anayeotesha miche ya nyanya na hoho katika chumba cha nyuma hapa Nakuru, akikwepa baridi ya Julai na konokono wa kitalu cha nje, hatimaye hujiuliza kama taa alizoning'iniza zinatosha. Macho hayamsaidii, kwa sababu mboni hujirekebisha kila mara: chumba anachokiona kiking'aa huenda kina sehemu moja tu ya mia ya mwanga ulioko uani, ambako jua kali la saa sita hupita luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwangaza). Anahitaji kipima mwanga, na akienda kukitafuta atakuta aina mbili ambazo bei zake hazikaribiani hata kidogo.

Aina ya kwanza hupima luksi, nayo hupatikana kwa shilingi elfu chache. Kasoro yake haitokani na ubovu wa kifaa, bali luksi yenyewe ni kipimo kilichotungwa kwa ajili ya jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi. Mmea hutumia chembe za mwanga, yaani fotoni, hasa kuanzia nanomita 400 hadi 700, zikiwemo za bluu na nyekundu ambazo jicho letu huziona kwa shida. Aina ya pili, ambayo kwenye boksi huandikwa PAR, huhesabu fotoni hizo kwa mikromoli (kipimo cha kuhesabia chembe nyingi mno) zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde. Kilicho cha kuaminika hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, pengine kuliko rafu na taa zake zote.

Wanaosisitiza kununua PAR wana hoja nzito pale taa zinapokuwa zile za zambarau, zenye vijibalbu vyekundu na vya bluu pekee. Mwanga mwekundu wa nanomita 660 hupewa na kipima luksi uzito usiofika asilimia 10 ya ule unaopewa kijani, kwa hiyo mkulima husoma namba ndogo, akadhani miche iko gizani, akashusha taa mpaka majani yakaungua.

Hoja hiyo hupungua nguvu sana taa zikiwa nyeupe. Kwa LED nyeupe za kawaida, ukigawanya luksi kwa 70 hivi unapata mikromoli zinazokaribia ukweli. Kwa mwanga wa jua kigawanyo ni 54. Mkadirio huo unaweza kukosea kwa asilimia kadhaa, lakini kosa hilo ni dogo likilinganishwa na tofauti iliyomo ndani ya rafu moja. Kwenye rafu yangu, katikati, nilipata luksi 14,000, yaani mikromoli 200. Taa zikiwaka saa 16, hizo ni karibu moli 11.5 kwa siku (moli moja ni mikromoli milioni), kiasi kinachotosha miche. Sentimita 30 tu kutoka hapo, pembeni, nilisoma 6,300, ambazo kwa siku hazizidi moli 5 na kidogo. Sikushangaa tena kwa nini trei za pembeni zilikuwa na miche mirefu iliyolegea shingo. Kwa uamuzi wa kuzungusha trei, kipima luksi kilinitosha kabisa.

Simu, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa programu zake ni za bure, siipendekezi. Kihisi chake kiliwekwa ili kurekebisha mwangaza wa kioo, na simu mbili nilizolaza mahali pamoja zilinipa luksi 9,000 na 13,000. Kipima halisi huwa na kifuniko cheupe kinachopokea hata mwanga unaoingia kwa mshazari, jambo muhimu chini ya taa pana. Hata hicho, kishikwe usawa wa majani, kikitazama juu, na kivuli cha kichwa chako kisikifikie.

Maabara inayokuza viazi vya chupa, yaani miche ya viazi inayooteshwa ndani ya chupa, haina njia ila kununua PAR, na kikundi cha wenye vitalu kinaweza kuchanga kikanunua kimoja cha kuzungushiana. Mwenye rafu moja ya taa nyeupe anunue cha luksi. Na yule mwenye taa za zambarau, kabla hajatoa pesa ya PAR, apige hesabu ya kuzibadilisha taa zenyewe ziwe nyeupe, kwani mara nyingi hiyo ndiyo itakayomgharimu kidogo.